Katizo linachelewa milisekunde 6, lakini irqsoff na hwlat hazionyeshi kitu

fundi_wa_mizani aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada katika tatizo lililonishinda kwa wiki tatu sasa, na nitajitahidi kulieleza kwa ukamilifu ili tusitumie muda wenu kuulizana mambo ya msingi.

Nahudumia mitambo ya kufungasha unga katika kiwanda kimoja mkoani Morogoro. Kila mtambo una kompyuta ndogo ya viwandani yenye prosesa ya Intel ya kore nne, nayo inaendesha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux 6.1 ambayo niliikusanya mwenyewe nikiwa nimewasha vifuatiliaji vyote vya muda. Mizani huiletea kompyuta fremu ya baiti 20 kila baada ya milisekunde 2 kupitia poti ya pili ya siriali, ttyS1, kwa kasi ya baudi 115200. Programu yangu husoma fremu hizo na kuamua lini mlango wa unga ufungwe. Mara kadhaa katika zamu moja, fremu mbili au tatu zinazofuatana hufika zikiwa zimeharibika, mlango unachelewa kufungwa, na mfuko unatoka na unga uliozidi. Nilipofungua /proc/tty/driver/serial nilikuta kihesabu cha oe (overrun error, yaani kufurika) cha poti hiyo kimefika 41, na kila fremu zinapoharibika hupanda. Kwa ninavyoelewa, maana yake ni kwamba foleni ya FIFO iliyo ndani ya chipu ya siriali hujaa kabla kerneli haijaja kuchukua baiti zake.

Niliendesha cyclictest -m -S -p 90 -i 1000, chombo kinachopima uzi wa programu unachelewa kiasi gani kuamka, usiku kucha. Wastani ulikuwa mikrosekunde 9, lakini kiwango cha juu kilikuwa 6731, na ucheleweshaji huo hutokea kwenye kore moja kwa wakati, si zote pamoja. Nikadhani ipo sehemu ya kerneli inayozima makatizo (ishara za vifaa za kuiita prosesa ivihudumie) kwa muda mrefu, kwa hiyo nikawasha irqsoff, kifuatiliaji kinachopima muda ambao makatizo yamezimwa, kwa saa sita, na kiwango chake cha juu, tracing_max_latency, hakikuvuka mikrosekunde 74. Nikahamia kuishuku famiwea (programu ya msingi ya bodi, inayofanya kazi chini ya kerneli), nikawasha hwlat, kifuatiliaji cha muda unaoibwa huko chini, nayo haikuandika hata mstari mmoja.

Swali langu ni hili: ikiwa kerneli haizimi makatizo kwa muda mrefu, na famiwea haiibi muda, hizo milisekunde 6 zinakwenda wapi? Je, dawa ni kuhamia PREEMPT_RT, yaani Linux ya muda halisi?

kore_ya_nne alijibu:

Ndugu fundi, pole na kazi, na ahsante kwa kuleta swali lililopangwa vizuri. Suala la PREEMPT_RT ningeomba tuliweke kando kwanza, kwa sababu ukibadilisha kerneli kabla hujajua chanzo, tatizo linaweza kuhama mahali pake bila kuisha.

Tuanze na bajeti yako ya muda, maana naona hujaipigia hesabu. Kwa baudi 115200, baiti moja pamoja na biti zake za kuanza na kumaliza ni biti 10, yaani mikrosekunde 86.8 kwenye waya. Foleni ya chipu ya aina ya 16550A inabeba baiti 16, na draiva ya Linux huiagiza chipu hiyo ipige katizo baiti zikifika 8. Zinabaki nafasi 8. Kwa hiyo tangu katizo linapopigwa hadi kerneli ifike kusoma, una mikrosekunde 694 tu, na zaidi ya hapo baiti zinaanza kupotea. Kumbuka pia kwamba alama ya kufurika ndani ya chipu hufutwa kila inaposomwa, hata kama baiti zilizopotea ni nyingi. Ile 41 ni idadi ya matukio, wala si idadi ya baiti.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulichanganya. Baiti zinazopotea kwenye FIFO zimepotea kabla programu yako haijahusika kabisa. Kazi ya kuzitoa kwenye chipu na kuziweka kwenye bafa ya tty hufanywa na kerneli ndani ya kishughulikia katizo, na programu yako hata ikilala milisekunde 20, bafa hiyo itaendelea kuzitunza. Kwa hiyo kuipandishia programu kipaumbele hakutakusaidia katika hili. Unachotafuta ni ucheleweshaji wa katizo lenyewe, nayo cyclictest haiwezi kukuonyesha hilo peke yake, kwa sababu namba yake inajumlisha muda wa katizo la taima kufika, muda wa kipanga ratiba kuuamsha uzi, na muda wa uzi huo kupewa prosesa.

Tumia kifuatiliaji cha timerlat, ambacho kimo ndani ya kerneli tangu 5.14. Ni kazi ya marehemu Daniel Bristot de Oliveira, na kwa maoni yangu hakuna chombo kilichoturahisishia shughuli hii kama hicho. Kila mara hukuandikia mistari miwili: mmoja wa muktadha wa irq (katizo la taima lilichelewa kiasi gani), wa pili wa muktadha wa thread (uzi ulichelewa kiasi gani). Ukikuta namba ya irq ni ndogo na ya thread ni kubwa, mshukiwa ni kipanga ratiba. Zote mbili zikiwa kubwa kwa kiasi kinachokaribiana, katizo lenyewe ndilo lililochelewa. Weka 1000 kwenye osnoise/stop_tracing_total_us ili ufuatiliaji usimame palepale tukio linapotokea, na uwashe pia matukio ya irq na sched.

poti_ya_pwani alijibu:

Mimi ningeendelea kuishuku famiwea kidogo. hwlat kwa kawaida hutazama nusu sekunde katika kila sekunde moja, tena kwenye kore moja kwa wakati, kwa hiyo kimya chake hakitoshi kuwa ushahidi. Endesha turbostat na utazame safu ya SMI, ambayo husoma kihesabu cha prosesa yenyewe cha makatizo ya famiwea. Namba ikipanda sambamba na oe, umempata mwizi. Nakiri kwamba ulivyosema kore zinachelewa moja moja kunadhoofisha hoja yangu, kwa sababu katizo la SMI kwa kawaida husimamisha kore zote kwa pamoja, lakini kipimo hicho ni cha dakika moja na hakigharimu kitu.

fundi_wa_mizani aliandika:

Nawashukuru sana. Nimefanya yote mawili.

Safu ya SMI haikubadilika kwa zamu nzima, ilhali oe ilipanda mara tatu, kwa hiyo famiwea naiondoa. Kwa upande wa timerlat, ufuatiliaji ulisimama baada ya dakika 50 hivi. Mstari wa irq unasema mikrosekunde 6512, na wa thread unasema 6530. Hivyo ni kama alivyosema kore_ya_nne: katizo lenyewe ndilo lililochelewa, na uzi uliamshwa mara tu lilipofika.

Hapo ndipo ninapozidi kuchanganyikiwa. Nikiwasha irqsoff kwenye mashine hiyohiyo, siku hiyohiyo, bado inasema muda mrefu kuliko yote ambao makatizo yalizimwa ni mikrosekunde 74. Vyombo viwili vya kerneli moja vinapingana.

mtunza_draiva alijibu:

Ndugu fundi, vyombo vyako havipingani. irqsoff haipimi kila kipindi ambacho makatizo yamezimwa. Vipo vipindi ambavyo waandishi wa kerneli wameiamuru ifumbe macho, na nina hakika umeangukia kimojawapo.

Fungua kernel/printk/printk.c ya toleo lako na utafute console_emit_next_record. Utaona makatizo yanazimwa, kisha inaitwa stop_critical_timings(), na pembeni yake pana maelezo mafupi yanayosema kwamba muda wa uchapishaji usifuatiliwe. Baada ya hapo draiva ya konsoli inaitwa iandike mstari mzima, halafu inafuata start_critical_timings(), na mwishoni makatizo yanarudishwa. Kati ya amri hizo mbili saa ya irqsoff imesimama, lakini makatizo ya kore hiyo yanaendelea kuzimwa na mizani yako inaendelea kutuma baiti. Ukiisoma sehemu hiyo mara moja, ile 74 yako inaeleweka: ni namba ya kweli kuhusu kerneli yote isipokuwa mahali unapopatafuta.

Na hwlat nayo isingeliona, hata ingetazama saa 24. Chombo hicho huzima makatizo chenyewe na kuzunguka kikisoma saa, ili pengo lolote litakaloonekana liwe limetoka chini ya kerneli. Kazi ya printk, yaani ya kerneli kuchapisha ujumbe wake, haiwezi kuingia kwenye kore inayopimwa wakati huo.

Nakisia kwamba kwenye vigezo vyako vya kuwashia kerneli pameandikwa console=ttyS0,115200, yaani ujumbe wa kerneli utolewe pia kwenye poti ya kwanza ya siriali. Konsoli ya siriali huandika kwa kusubiri chipu iwe tayari, bila kutegemea makatizo, kwa sababu lazima iweze kutoa ujumbe wa mwisho hata mfumo unapokufa. Chukua mstari wa kawaida kama huu:

[86412.507113] usb 1-2: new full-speed USB device number 15 using xhci_hcd

Ukizihesabu ni herufi 74, na ukiongeza mbili za kufunga mstari unapata 76. Zidisha kwa 86.8, utapata mikrosekunde 6597. Linganisha na 6512 ya timerlat na 6731 ya cyclictest.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ttyS1 iumie wakati ujumbe unatoka ttyS0. Poti hizo hazigombanii kitu chochote isipokuwa kore. Katizo la ttyS1 kwenye mashine za PC kwa kawaida ni namba 3. Litazame kwenye /proc/interrupts ujue linahudumiwa na kore ipi. Kore hiyo ikiwa ndiyo iliyoshika zamu ya kuandika konsoli, katizo namba 3 linasubiri mlangoni mpaka mstari uishe. Kore nyingine ikiwa ndiyo inayoandika, mizani haiguswi. Ndiyo maana ucheleweshaji unaouona kwenye cyclictest ni mwingi kuliko oe zako. Usijaribu kutibu hili kwa kuhamisha smp_affinity (mpangilio wa kore inayohudumia katizo) pekee: printk inaweza kuitwa kutoka kore yoyote, na kore iliyoshika konsoli hulazimika kuandika hata mistari iliyoletwa na wenzake.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Andika mwenyewe kwenye /dev/kmsg, faili inayopokea ujumbe wa kuingizwa kwenye kumbukumbu za kerneli, ukiwa umefungia amri kwenye kore inayohudumia katizo namba 3, kwanza ujumbe wa herufi 20, halafu wa herufi 100, ukitanguliza <4>, yaani daraja la onyo. Ukijumlisha herufi 15 za muda na mbili za kufunga mstari, ya kwanza ichelewe takriban mikrosekunde 3200 na ya pili takriban 10200. Uchelewaji ukifuata urefu wa sentensi, hutahitaji ushahidi mwingine. Kisha washa events/printk/console pamoja na timerlat, ili ujue mistari halisi inayokusumbua zamu nzima ni ipi.

fundi_wa_mizani aliandika:

Mtunza draiva, umenifungua macho. Kigezo hicho kipo kweli. Aliyekuwa akihudumia mashine hizi kabla yangu alikiweka ili aweze kuzifikia kwa kebo, nami sikuwahi kukitilia maanani kwa sababu hakuna aliyechomeka kebo kwenye ttyS0 kwa mwaka mzima. Kumbe kerneli huandika tu, awepo msomaji au asiwepo.

Nimefanya jaribio kwa taskset -c 2, kwa kuwa kore namba 2 ndiyo inayohudumia katizo namba 3. Herufi 20 zilinipa 3241, na herufi 100 zilinipa 10188. Nilirudia mara kumi kwa kila urefu, tofauti haikufika mikrosekunde 60. Katika yale majaribio ya herufi 100, oe ilipanda kila mara bila kukosa.

Na tukio la printk:console limenionyesha mistari yenyewe. Karibu yote ni ya kisomaji cha msimbo pau kilichochomekwa kwenye USB, ambacho hukatika na kurudi, na mara nyingine huambatana na mstari wa device descriptor read/64, error -71. Naomba sasa ushauri kuhusu njia sahihi ya kurekebisha. Nikiondoa konsoli kabisa, naogopa siku kerneli itakapoanguka sitakuwa na pa kusoma sababu.

kore_ya_nne alijibu:

Hofu yako ni ya haki, na jibu lake ni zuri: huhitaji kuiondoa konsoli. Punguza kiwango chake. Ukiandika dmesg -n 1, au ukiweka loglevel=1 kwenye vigezo vya kuwashia, mistari ya kawaida haitafika ttyS0, lakini yote itabaki kwenye bafa ya kerneli na utaisoma kwa dmesg kama kawaida. Kerneli ikianguka, panic() huita console_verbose(), ambayo hurudisha konsoli kwenye usemaji wake wote kabla ya kuandika sababu. Usiishie kwenye 4, kama wengi wanavyoshauri, kwa sababu ule mstari wako wa error -71 ni wa daraja la kosa, yaani 3, nao ungeendelea kupita na kukusimamishia kore.

Kosa lenyewe la -71 ni la itifaki ya USB, na katika mazingira ya kiwanda mimi hutazama kebo kabla ya kutazama draiva. Angalia inapita wapi.

Kuna jambo la pili ambalo umelipita bila kulitaja. Rudi kwenye matokeo ya cyclictest, juu kabisa, utaona mstari unaosema # /dev/cpu_dma_latency set to 0us. Chombo hicho kikianza, huiomba kerneli isiruhusu kore kuingia kwenye usingizi mzito, na ombi hilo hudumu muda wote kinapoendelea. Maana yake ule wastani wa mikrosekunde 9 ni wa prosesa iliyokeshwa macho. Programu yako ikifanya kazi peke yake, kore hulala, na kuamka kuna gharama yake. Soma faili za latency zilizo chini ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle, kila hali ya usingizi ina yake. Na irqsoff haitakuonyesha hilo pia, kwa sababu kwenye njia ya usingizi saa yake husimamishwa vilevile. Endesha timerlat bila cyclictest pembeni ndipo upate namba ya mashine ilivyo kazini.

Ukikuta gharama hiyo inakaribia bajeti yako ya 694, programu yako ifungue /dev/cpu_dma_latency, iandike namba, na iache faili wazi, maana ukifunga ombi linafutwa. Ningekushauri usiandike 0. Kompyuta isiyo na feni, ndani ya kinu chenye joto na vumbi la unga, isipolala kabisa itapata moto. Andika kwa mfano 20, ili usingizi mwepesi uruhusiwe na mzito uzuiwe, kisha ufuatilie joto kwa siku mbili.

Kuhusu PREEMPT_RT, ni vyema ujue kwamba konsoli ndiyo iliyokuwa kikwazo kikubwa cha mwisho cha kazi hiyo. PREEMPT_RT iliingizwa kwenye mkondo mkuu wa Linux Septemba 2024 na kutoka na toleo la 6.12, baada ya takriban miaka 20 ya kuishi kama viraka vya nje, na sehemu kubwa ya kazi ya miaka ya mwisho ilikuwa kuandika printk upya. Ukihamia huko siku moja, konsoli za mtindo wa zamani zitaandikiwa na uzi maalumu unaoweza kunyang'anywa prosesa. Lakini vishughulikia katizo navyo vinakuwa nyuzi, zenye kipaumbele cha SCHED_FIFO 50 usipokibadilisha. Ukiipa programu yako 90 kwa mazoea, utakuwa umeiweka mbele ya uzi unaoilisha baiti. Kwa bajeti yako ya sasa, sioni sababu ya kuingia gharama hiyo.

fundi_wa_mizani aliandika:

Narudi na mrejesho baada ya siku tisa. Mitambo yote minne ina loglevel=1, na oe ya kila mmoja imebaki 0 tangu nilipoiwasha upya. timerlat pekee, bila cyclictest, ilinipa kiwango cha juu cha mikrosekunde 212 kwenye muktadha wa irq. Nilipoiandikia cpu_dma_latency 20 kikashuka hadi 38, na joto la prosesa limepanda kwa nyuzi 4 tu wakati wa mchana. Mifuko inapimwa sawa.

Kebo ya kisomaji nimeikuta imelazwa ndani ya mfereji mmoja na nyaya za inveta ya mota ya kusukuma unga, kwa urefu wa mita tatu hivi. Nimeitoa na kuipitisha upande wa pili wa fremu. Kukatika kumepungua kutoka mara nyingi kwa zamu hadi mara moja au mbili, na hizo zilizobaki nitaziletea swali lake nikishapata kebo yenye kinga ya kuzijaribia.

Poti_ya_pwani, safu ya SMI bado iko palepale ilipokuwa. Mtunza draiva na kore_ya_nne, Mungu awalipe.